Sindano aliiona, ngazi hakuiona: kisa cha macho cha mshona kofia wa Lamu

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 66, mshona kofia, mkazi wa mtaa wa Langoni, Lamu. Aliletwa zahanati na binti yake kwa sababu ya kidonda cha muundi. Alikuwa akishuka ngazi za gati aingie mashua ya kwenda Mokowe, akakosa kidato cha mwisho, akaanguka. Muuguzi alisafisha kidonda, akakifunga, kisha akauliza swali ambalo zahanati nyingi hazina nafasi ya kuuliza: ngazi hizo mzee amezishuka tangu utotoni, leo imekuwaje?

Binti alijibu kwamba kidato kilikuwa na utelezi, na isitoshe baba ana mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi ya jicho. Wanangoja ukungu huo ukomae ndipo mzee apelekwe Mombasa. Mzee alikataa. Macho yake hayana neno, akasema, kwani ni mwaka sasa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, na sehemu hizo mbili ndizo zilizochelewesha matibabu. Kisa chenyewe kimejengwa kwa mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa macho wa pwani; si habari ya mtu mmoja unayeweza kumtambua.

Miwani ya mezani

Alipokuwa na miaka 45 alianza kuisogeza kofia mbali na uso ili auone mshono. Akanunua miwani ya kusomea ya +1.50 kwenye meza ya mchuuzi. Hapo hakukosea. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi karibu kila mtu huanza kuuhisi ukakamavu huo. Akiwa na miaka 52 akapanda hadi +2.00, na alipofika 60 akachukua +2.50.

Kwa mtu anayeona mbali vizuri, mpando huo hukoma karibu na hapo. Gawa 100 kwa nguvu ya miwani na utapata umbali, kwa sentimita, ambao miwani hiyo inaonyesha vizuri hata kama lenzi ya jicho haijikunji tena: +2.50 ni sentimita 40, +3.00 ni 33. Mshona kofia huishika kazi yake karibu zaidi kuliko msomaji wa msahafu, kwa hiyo ile +3.00 aliyonunua akiwa na miaka 62 bado inaeleweka. Anayeomba +4.00 kwa kusoma tu ana jambo jingine, na mwenye meza hana chombo cha kulitambua.

Ubaya wa miwani ya mezani hauko kwenye vioo vyake. Vioo haviharibu macho, na bei yake imewafaa wengi. Ubaya ni kwamba kila ununuzi unachukua nafasi ya uchunguzi. Kwa miaka yote hiyo mzee alihesabu kwamba macho yake yanashughulikiwa, na hakuna aliyewahi kutazama ndani ya jicho wala kupima presha yake. Na presha ya macho, yaani shinikizo la maji yaliyo ndani ya jicho, si presha ya damu: unaweza kumeza dawa za presha ya damu kila siku, ikashuka vizuri, huku ya macho ikiendelea kuharibu.

Mwaka aliotupa miwani

Alipofika miaka 65 ile miwani ya +3.00 ilianza kumsumbua. Akiivaa, ilimlazimu kuisogeza kofia hadi puani. Akiivua, mshono ukaonekana safi. Nyumbani ikawa furaha, na sifa zikaenda kwa asali na habasoda.

Kilichotokea ni hiki. Kiini cha lenzi kilikuwa kimegeuka kigumu na cha rangi ya chai, na lenzi ya namna hiyo hupinda mwanga kwa nguvu kuliko zamani. Jicho likawa la kuona karibu. Jicho lake la kushoto lilipopimwa baadaye lilikuwa na −3.00, na jicho la −3.00 huona vizuri kwenye sentimita 33 bila msaada wowote: umbali ule ule wa kushonea kofia. Ukiliongezea miwani ya +3.00, mahali pa kuona vizuri panasogea hadi sentimita 17 hivi. Ndiyo sababu aliitupa. Malipo yake yalikuwa upande wa mbali. Kutoka mita moja kwenda mbele kila kitu kikawa na ukungu, na mtu akimpungia mkono Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hakuitikia. Wako walioanza kusema ameingiwa na kiburi.

Mtu aliyepita miaka 55 akiacha ghafla miwani ya kusomea aliyoitegemea kwa miaka, apimwe ndani ya mwezi huo. Mara nyingi ni mtoto wa jicho wa aina hii. Mara nyingine ni sukari: ikipanda na kushuka, maji huingia na kutoka kwenye lenzi, na nguvu yake hubadilika kwa wiki kadhaa, hata miwani iliyoandikwa leo ikawa haifai mwezi ujao. Kwa hiyo sukari ya mzee ilipimwa kabla hajala. Ilikuwa 5.2 mmol/L, ya kawaida, na upande huo ukafungwa.

Basi mtoto wa jicho alikuwapo kweli, binti hakukosea. Lakini hakutosha kueleza ngazi. Ukungu wake hutanda sawasawa juu ya kila kitu. Hauchagui kufunika vilivyo chini na kuacha vilivyo juu. Binti alipoulizwa taratibu kuhusu maisha ya nyumbani, mambo yalijipanga yenyewe. Baba anakanyaga paka waliolala mlangoni. Anapiga teke sinia iliyokwisha kuandaliwa mkekani. Anajikwaa kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Vyote viko chini. Likatoka na jingine ambalo halikuwa limeonekana kuwa na uzito: dada yake mkubwa alifariki akiwa haoni kabisa, na watu wakasema ni uzee.

Vipimo, kwa utaratibu wake

Utaratibu una maana hapa, kwa sababu vipimo vingine huharibiwa na vinavyotangulia.

Kwanza chati, mita 6, jicho moja moja. Jicho jingine hufunikwa kwa kiganja kilichokunjwa kidogo. Vidole havifai: huachia nafasi za kuchungulia, na vikibonyeza jicho hulitia ukungu wa dakika kadhaa. Jicho la kushoto lilisoma 6/60, maana yake herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, mzee aliisoma akiwa mita 6. La kulia lilikuwa 3/60. Kisha akapewa kibao chenye tundu dogo la milimita moja hivi achungulie. Tundu hilo huondoa kasoro inayoweza kurekebishwa na miwani. La kushoto likaruka hadi 6/12. La kulia likafika 6/36 tu, likagoma. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya tatizo la kushoto ilikuwa nguvu ya miwani, na la kulia lilikuwa na kitu kingine.

Pili tochi, kabla ya tone lolote la kupanua mboni. Chumba hutiwa kiza kidogo, mgonjwa hutazama ukutani, na mwanga hupelekwa jicho hadi jicho, sekunde mbili au tatu kila upande. Mboni nzima hujibana zinapomulikwa. Tochi ilipotoka kushoto kwenda kulia, mboni ya kulia ilipanuka badala ya kujibana. Hiki ndicho kipimo kilichogeuza kisa kizima, na gharama yake ni tochi. Mtoto wa jicho, hata akiwa mweupe kama nazi, haifanyi mboni ijibu hivyo. Mboni inayopanuka inapomulikwa inasema kwamba neva inayopeleka picha kwenye ubongo imeumia, au retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeharibika sehemu kubwa. Mgonjwa wa namna hii hakai kungoja kukomaa kwa chochote.

Tatu, eneo la kuona kwa mikono. Mpimaji hukaa mbele ya mgonjwa, magoti karibu yagusane, kila mmoja amefunika jicho linalotazamana na la mwenzake. Mgonjwa hutazama pua ya mpimaji, naye husogeza kidole kutoka nje kuja katikati, robo baada ya robo: juu kulia, chini kulia, juu kushoto, chini kushoto. Jicho la kulia la mzee lilibaki na kitovu na upande wa nje, wa sikioni. Kushoto palikuwa na pengo chini, upande wa pua. Kipimo hiki hushika mapengo makubwa tu, lakini mzee alikuwa na mapengo makubwa. Mashine ya kupima eneo la kuona ilifuata Mombasa na kuthibitisha.

Kisha darubini ya macho. Macho yote mawili yalikuwa na kinyama upande wa pua, kimeingia milimita 2 juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Pwani kinyama hubebeshwa lawama nyingi mno. Jua, upepo na vumbi vya miaka mingi hukikuza, na mabaharia wengi wanacho, lakini kikiwa hakijakaribia mboni wala hakijapinda kioo cha jicho, hakipunguzi kuona. Cha mzee kiliachwa. Lenzi zote mbili zilikuwa za rangi ya chai, ya kulia imekolea zaidi.

Pembe ya jicho, pale maji ya ndani yanapotokea, ilitazamwa kabla ya kupanua mboni. Lenzi ya uzeeni hunenepa na inaweza kuibana pembe hiyo, na kumpanua mboni mtu mwenye pembe finyu kunaweza kumletea shambulio: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika, presha kupaa kwa saa chache. Pembe zake zilikuwa wazi. Presha: kulia 34 mmHg, kushoto 27. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Mboni zilipopanuliwa, kichwa cha neva kilionekana. Katikati ya neva huwa na shimo dogo, na kwa watu wengi upana wake hauzidi 0.3 au 0.4 ya upana wa neva yote. Kulia lilikuwa 0.9, yaani neva imebaki ukingo mwembamba tu. Kushoto 0.7.

Jina la ugonjwa ni glakoma ya pembe wazi, ambapo presha ya macho huiharibu neva polepole; ni ya hatua ya mwisho kulia na ya kati kushoto, pamoja na mtoto wa jicho macho yote. Watu wa asili ya Kiafrika huupata mapema zaidi na kwa ukali zaidi, na aliye na ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo yuko hatarini mara kadhaa kuliko wengine.

Mbona hakujua? Hauumi, hauleti wekundu, macho mawili huzibiana mapengo, na ubongo hujaza palipobaki kwa kubahatisha. Kitovu cha kuona huwa miongoni mwa vya mwisho kuondoka. Sindano hukaa kwenye kitovu. Ngazi hukaa chini, mahali palipokwisha kufutika kwenye macho yote mawili.

Kikapu cha dawa

Mzee aliulizwa ametia nini machoni kwa miaka miwili iliyopita. Jibu la kwanza la kila mtu ni "hakuna". Kwa hiyo binti aliombwa alete kila chupa iliyoko nyumbani, akarudi na kikapu chenye vitu vitatu.

Maji ya waridi yalikuwa ya kwanza. Hayana dawa ndani yake wala hayana uhakika wa usafi, na chupa iliyofunguliwa miezi mingi ni makazi ya vijidudu. Yaliwekwa kando kwa matumizi mengine.

Ya pili ilikuwa chupa ya matone aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya wekundu na muwasho, upepo wa kaskazi ulipomjaza vumbi. Yalimtuliza siku ile ile, naye akaendelea kuyanunua kwa zaidi ya mwaka, kila muwasho uliporudi. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na steroidi. Steroidi hutuliza jicho haraka kuliko karibu dawa nyingine yoyote, na humo ndimo mtego ulimo. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupandishwa presha ya macho na matone haya yakitumiwa wiki kadhaa, na wenye glakoma au ndugu wa wenye glakoma ndio wanaopandishwa zaidi. Soma karatasi ya chupa: jina la dawa likianza na dexa, betametha au predni, au likiishia na sone au lone, hiyo ni steroidi, na haifai kutiwa jichoni bila mtu aliyepima presha na aliyekupa tarehe ya kuacha. Kwa muwasho wa vumbi, kitambaa safi cha maji baridi na matone ya kromoglikati ya asilimia 2, mara nne kwa siku, hufanya kazi polepole lakini hayagusi presha.

Ya tatu ilikuwa timololi, iliyobaki kwa marehemu dada. Ni dawa halisi ya glakoma, na kwa bahati mzee hakuwa ameianza. Ana pumu. Tone la timololi hushuka kutoka jichoni hadi puani na kuingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu linaweza kuziba kifua. Kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole, linaweza kuyapunguza kupita kiasi. Dawa ya macho ya jamaa si ya kurithi.

Matone, barafu na Ramadhani

Matone ya steroidi yaliachwa siku hiyo hiyo. Kuacha peke yake kungeweza kuishusha presha baada ya wiki chache, lakini neva ya 0.9 haina wiki za kusubiri. Akaanzishiwa latanoprosti, tone moja kila jicho, usiku. Dawa hii hushusha presha kwa robo hadi theluthi. Wekundu kidogo wa wiki za mwanzo ni kawaida, kope hurefuka, na ngozi ya kando huweza kuwa nyeusi zaidi ikiwa tone linalomwagika halifutwi.

Hapa pana mambo manne ambayo huangusha matibabu Lamu kuliko dawa yenyewe.

La kwanza ni joto. Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kamwe si kwenye friza wala kwenye kisanduku cha barafu ya samaki. Iliyofunguliwa inaruhusiwa nje ya friji kwa wiki nne ikiwa joto halizidi 25, na chumba cha Lamu wakati wa kaskazi hupita hapo mchana kutwa. Nyumba yenye friji iiweke mlangoni mwa friji hata baada ya kufunguliwa. Safarini hutiwa ndani ya chupa ya chai pamoja na kitambaa kilicholowa maji baridi. Tarehe ya kufungua huandikwa kwa kalamu kwenye chupa. Ubaridi una faida ya ziada: tone baridi husikika linapotua, na mzee hujua kama limeingia au limepita shavuni.

La pili ni mkono. Nawa. Lala chali au inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini liwe kama kifuko, angusha tone moja bila ncha ya chupa kugusa popote. Fumba jicho polepole bila kubana, bonyeza kona ya ndani kando ya pua kwa dakika mbili. Tone la pili ni hasara tupu, kwa kuwa jicho halibebi hata tone moja zima. Kama kuna dawa mbili, ngoja dakika tano katikati. Mjukuu wa miaka 14 alifundishwa kazi hii mbele ya muuguzi, akairudia hadi akaiweza.

La tatu ni hesabu. Chupa ya mililita 2.5 hutoa takriban matone 80. Macho mawili kila usiku ni matone 60 kwa mwezi. Ikiisha siku ya kumi na tano, matone yanamwagika. Ikibaki nzito mwezi wa pili, kuna usiku mwingi uliorukwa, na kwa vyovyote imepitwa na wiki zake.

La nne ni mfungo. Wagonjwa wengi huacha matone mwezi mzima wa Ramadhani, na mwezi mmoja wa presha ya 30 hauna malipo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Lamu, kinachotiwa jichoni hakibatilishi saumu hata kama ladha yake itafika kooni. Anayetaka kuondoa wasiwasi kabisa hana shida pia: dawa ya mara moja hutiwa baada ya tarawehe, na ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku.

Baada ya wiki nne presha ilikuwa 22 kulia na 16 kushoto. Kushoto paliridhisha kwa sasa. Kulia hapakuridhisha, kwani neva iliyobaki ukingo huhitaji presha ya karibu na 12 ili isiendelee kufa. Akaongezewa dorzolamidi baada ya kuulizwa kuhusu mzio wa dawa za salfa, ikafika 19. Ukawa wakati wa kuzungumza upasuaji.

Upasuaji, na walichoambiwa kabla

Jamaa walitaka mtoto wa jicho aondolewe na mzee aone kama zamani. Waliambiwa waziwazi kuwa haitakuwa hivyo. Kuondoa lenzi kutarudisha mwanga, rangi na ukali wa katikati. Mapengo ya glakoma hayarudi, kwa dawa wala kwa kisu. Mazungumzo haya yakirukwa, upasuaji uliofaulu huonekana umeshindwa, na mtaa mzima huanza kuiogopa hospitali.

Na hili la kungoja akomae ni desturi ya zama ambazo lenzi ilitolewa nzima na mgonjwa akapewa miwani mizito. Siku hizi lenzi ya bandia huwekwa ndani, na aliyekomaa sana ni mgumu kumtoa kuliko wa katikati. Kipimo sahihi ni kazi ya mtu: kuona kukishamzuia kufanya analolihitaji, wakati umefika.

Jicho la kulia lilipangiwa mambo mawili kwa pamoja: kuondoa lenzi, na kufungua kijitundu chini ya kope la juu ili maji ya ndani yapate njia ya kutokea. Pwani kuna hospitali za macho zenye uzoefu wa miaka mingi, zikiwemo Lighthouse for Christ iliyoko Mombasa na Kwale Eye Centre. Kabla ya kupanda mashua, jamaa walipiga simu kuuliza kama upasuaji huo unafanyika hapo na kama SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakubaliwa kwa huduma hiyo.

Uamuzi mmoja ulimhusu mshona kofia peke yake: nguvu ya lenzi ya bandia. Kwa kawaida huchaguliwa ya kuona mbali, na mtu akavaa miwani kwa kusoma. Jicho lake la kushoto ni −3.00. Kama la kulia lingefanywa la mbali, macho mawili yangetofautiana sana, na miwani ya tofauti hiyo huleta kizunguzungu na ngazi mbili badala ya moja. Likachaguliwa lengo la −2.50. Ataendelea kushona bila miwani, na kwa kutembea atavaa miwani ya mbali. Mgonjwa asipoulizwa kazi yake, na aitaje mwenyewe kabla lenzi haijachaguliwa.

Tatizo la pili lilikuwa steroidi tena. Baada ya upasuaji huu matone ya steroidi ni ya lazima kwa wiki kadhaa, la sivyo kijitundu huziba kwa kovu. Mzee alikuwa na dalili za kupandishwa presha na dawa hiyo hiyo. Chupa ya duka la dawa ilipelekwa Mombasa ndani ya kikapu, daktari akaiona, na presha ikapangwa kupimwa siku ya pili, kisha wiki ya kwanza, ya pili na ya nne. Kwa hiyo alikaa kwa jamaa Mombasa wiki mbili za mwanzo. Kurudi kisiwani siku ya tatu kwa sababu jicho "halina neno" ni njia ya uhakika ya kukosa kipimo kilicho muhimu kuliko vyote.

Masharti ya nyumbani yalikuwa haya: kikinga cha plastiki juu ya jicho usiku, kutosugua, kutobeba mtungi wala gunia, maji ya bomba yasiingie jichoni kwa wiki mbili na ya bahari yasiguse kabisa hadi daktari aseme. Kwa udhu, maji hayakumwagwa usoni upande wa jicho; sheikh wake alimweleza ruhusa aliyonayo mgonjwa. Kwa sala, aliswali kwenye kiti kwa ishara hadi daktari alipomruhusu kusujudu, kwani kuinamisha kichwa chini mapema hupandisha shinikizo ndani ya jicho lenye jeraha jipya. Kijitundu kile hubaki maisha yake yote, na hatari yake pia: jicho hilo likiwa jekundu, likitoa usaha au likiuma, hata baada ya miaka mitano, ni safari ya siku hiyo hiyo.

Wiki ya nane, kulia: 6/12 akiwa na miwani ya mbali, presha 12. Kushoto: 6/12 kwa miwani, presha 16 kwa latanoprosti, na mtoto wa jicho wake atashughulikiwa baadaye. Eneo la kuona lilibaki vile vile, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Ngazi, taa na kitambaa cheusi

Aliyepoteza sehemu ya chini hafundishwi kuona, hufundishwa kutazama. Mzee alizoezwa kuinamisha kidevu kila baada ya hatua tatu au nne na kugusa ukuta kwenye vichochoro. Kingo za ngazi za ndani zilipakwa mstari mweupe wa sentimita 5, na sinia ikapewa mahali pamoja pasipobadilika.

Kwa kushona, shida ilikuwa mwanga na rangi. Jicho la miaka 60 hupitisha takriban theluthi ya mwanga unaofika kwenye retina ya kijana wa miaka 20, na kofia ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Alihamishwa kutoka kiza cha ndani hadi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, asubuhi, mwanga ukitoka upande wa mkono wa kushoto ili mkono wa kulia usitie kivuli. Mapajani akatandikiwa kitambaa cheusi, na vijitundu vya mshono vikaonekana vyeusi badala ya vyeupe. Hakuna dawa iliyomfurahisha kama kitambaa hicho. Nje huvaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua iliyoandikwa UV400. Chakula chake cha samaki na mchicha kilikuwa kizuri tayari. Karoti na habasoda hazikukatazwa wala hazikupewa kazi ya presha.

Pia kuna jambo la kufanya mwenyewe kila mwezi: ukiwa na miwani yako, funika jicho moja, tazama boriti za dari, kisha badilisha. Boriti iliyonyooka ikionekana imepinda, au kipande chake kimepotea, huenda retina ina tatizo, na daktari anatakiwa wiki hiyo. Mimweko ya ghafla, madoa mengi mapya yanayoelea au pazia linaloshuka ni la siku hiyo hiyo. Lakini boriti haipimi presha. Kwa hilo hakuna njia ya nyumbani isiyo na chombo maalumu.

Watoto wake

Binti, miaka 38: presha 15 na 16, shimo la neva 0.3, pembe wazi. Arudi baada ya miaka miwili.

Mwana, miaka 41, baharia wa mashua za Mokowe, alikuja kwa kusukumwa. Anaona 6/6 macho yote na hakuwa na malalamiko. Presha 24 na 25, shimo la neva 0.6 na 0.5. Kwa vipimo hivi pekee hawezi kuitwa mgonjwa, wala hawezi kuambiwa aende zake. Unene wa kioo cha jicho utapimwa, kwa sababu kioo kinene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo na chembamba huificha. Kipimo cha eneo la kuona kitafanywa mara mbili, maana cha kwanza huharibiwa na ugeni, na neva zitapigwa picha ili kuwe na cha kulinganisha. Tarehe yake ni baada ya miezi mitatu, na ameagizwa aje na kila chupa ya matone aliyowahi kuitumia.